Hedhi, Chai na Usipa: Hesabu ya Damu ya Msichana wa Nyasa

Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ina urefu wa kilomita zipatazo 66, lakini katika kipande hicho nchi hubadilika kabisa. Juu, kwenye milima ya Umatengo, kuna baridi, mibuni, na mashamba ya ngoro yaliyochimbwa vishimo vishimo kwenye miteremko, ambamo mahindi na maharage hupokezana msimu hadi msimu. Chini kuna joto la Ziwa Nyasa, mihogo, miembe, na samaki wadogo waitwao usipa walioanikwa mchangani na kwenye vichanja. Gunia la maharage hushuka, gunia la usipa hupanda, na sokoni Mbinga vyote viwili hupatikana siku hiyohiyo.

Mahali penye chakula cha namna hiyo, mtu angetarajia wasichana wawe na damu ya kutosha. Takwimu za nchi zinasema vingine. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Miaka saba kabla yake walikuwa asilimia 45. Kwa mwendo huo, mtoto wa kike anayeanza darasa la kwanza leo atavunja ungo tatizo likiwa bado lipo. Nao mkoa wa Ruvuma, ambamo Mbinga na Mbamba Bay zimo, unaotegemewa na nchi nzima kwa mahindi, utafiti huohuo uliukuta na zaidi ya theluthi moja ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa wamedumaa. Kumbe shibe ni jambo moja na lishe ni jambo jingine.

Wanaobeba mzigo mkubwa wa upungufu wa damu ni wanawake wajawazito, watoto wadogo, na kundi la tatu ambalo halizungumzwi sana: wasichana walio kati ya kuvunja ungo na kumaliza shule. Mjamzito ana kliniki yake na kadi yake. Mtoto mchanga naye ana kadi. Msichana wa kidato cha pili hana kliniki ya kumwita kila mwezi, na akichoka darasani huambiwa ni mvivu, au amelala saa mbovu, au ndiyo mambo ya kukua.

Kukua ni kweli kunahusika. Katika miaka michache ya balehe mwili wa msichana huongezeka kimo, misuli na wingi wa damu yenyewe, na kila sehemu hiyo inadai madini ya chuma. Chuma ndicho kiini cha himoglobini, ile rangi nyekundu ndani ya chembe za damu inayobeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni kwenda kila kiungo. Mvulana wa rika lake naye anakua, lakini yeye hapotezi damu kila mwezi. Ndiyo maana wataalamu wa lishe hupendekeza msichana wa miaka 14 hadi 18 apate miligramu 15 za chuma kwa siku, na mvulana 11.

Hapo ndipo hofu na uzushi huingia. Wapo wanaoamini kwamba hedhi humaliza damu ya mtu, na wapo wanaoamini kwamba msichana kuwa mnyonge kila mwezi ni maumbile, hakuna la kufanya. Hesabu inaonyesha kitu tofauti. Katika hedhi ya kawaida damu inayotoka ni mililita 30 hadi 40 kwa siku zote kwa pamoja, yaani vijiko vya chakula viwili au vitatu. Kila mililita ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma. Hedhi ya mililita 40, basi, huondoka na takriban miligramu 20 za chuma, na ukizigawa kwa siku za mwezi mzima hazifiki hata miligramu moja kwa siku. Ukijumlisha na chuma kidogo kinachopotea kwa njia nyingine, msichana anahitaji kufyonza karibu miligramu moja na nusu kila siku, na zaidi kidogo katika miezi anayorefuka kwa kasi. Ni deni dogo, na mwili ulioumbwa kuwa na hedhi unaweza kulilipa, mradi kile kinachoingia kinafyonzwa na hakuna mwizi mwingine wa damu.

Hedhi ikizidi mililita 80, hesabu inaharibika. Hakuna msichana anayepima damu yake kwa chupa, kwa hiyo wahudumu wa afya hutumia dalili. Je, pedi au kitambaa kinalowa chapachapa ndani ya saa moja au mbili? Je, damu inaendelea zaidi ya siku saba? Je, yanatoka mabonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi 200? Je, inabidi avae pedi mbili kwa pamoja, au aamke usiku kubadilisha? Jibu la ndiyo kwa moja tu kati ya maswali hayo linatosha kumpeleka zahanati.

Hedhi nzito si jambo la nadra katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Mayai bado hayapevuki kwa mpangilio, ukuta wa mji wa mimba hujijenga kupita kiasi, kisha hubomoka kwa mkupuo. Wengi hutulia wenyewe. Wapo wachache ambao damu yao haigandi ipasavyo kwa sababu ya kasoro ya kurithi, na hedhi ya kwanza kabisa ndiyo inayowafichua. Dawa za kupunguza utokaji wa damu zipo hospitalini. Shida ni kwamba anayeambiwa kwanza ni bibi au shangazi, na kama bibi mwenyewe alivumilia hivyohivyo, atamwambia mjukuu wake avumilie. Kusini mwa Tanzania na ng'ambo ya ziwa, upande wa Malawi, bado ipo miiko inayomkataza mwanamke aliye kwenye siku zake kutia chumvi kwenye chakula cha wengine. Msichana aliyelelewa katika miiko hiyo hajifunzi kirahisi kumwambia mtu kwamba wiki hii amemaliza pakiti tatu za pedi.

Upungufu wa damu wenyewe huja polepole. Kwanza akiba ya chuma mwilini hupungua, na kipimo cha kawaida hakioni kitu. Msichana anaweza kuwa na damu ya kutosha kwenye karatasi, na bado akawa mchovu na mzito wa kushika somo. Akiba ikiisha ndipo himoglobini yenyewe inaposhuka. Umatengoni dalili huonekana kwenye mlima: njia aliyokuwa akiipanda bila kusimama sasa inamlazimu apumzike mara mbili, moyo unapiga mbio, masikio yanavuma. Akisimama ghafla anaona kizunguzungu. Viganja na sehemu ya ndani ya kope la chini vinakuwa vyeupe, kucha zinakatika ovyo. Wengine hushikwa na hamu ya kula udongo au mchele mbichi. Watu huicheka tabia hiyo au humshuku msichana kuwa ni mjamzito, ilhali mara nyingi ni mwili unaolia njaa ya chuma. Udongo nao hauleti nafuu, kwa kuwa unaweza kuzuia chuma kisifyonzwe na kuingiza mayai ya minyoo tumboni.

Kipimo chake hakina mbwembwe. Mhudumu hukisugua kidole cha kati au cha pete kipate joto, akakipangusa kwa spiriti, akangoja kikauke, kisha akakichoma ubavuni mwa ncha kwa sindano fupi. Tone la kwanza hufutwa kwa pamba. Linalofuata hunyonywa na kijibamba cha plastiki chembamba kama ukucha, kijibamba kikaingizwa kwenye mashine ndogo, na ndani ya dakika moja namba inatokea: 12.6, 10.4, 8.7. Hizo ni gramu za himoglobini katika desilita moja ya damu. Kwa msichana wa miaka 12 na kuendelea asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu, na chini ya 8 ni upungufu mkali. Jambo moja linawahusu hasa watu wa Mbinga: anayeishi juu milimani, ambako hewa ni nyepesi, mwili wake hutengeneza damu zaidi kidogo, kwa hiyo kiwango chake nacho hupandishwa. Namba inayoridhisha Mbamba Bay, ambako ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, inaweza kuwa pungufu kwa msichana wa mlimani.

Sasa turudi jikoni. Mwaka 1998 Simon Tatala wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania pamoja na wenzake walichapisha utafiti walioufanya wilayani Lindi, kusini hukohuko. Walikuta upungufu mwingi wa damu, lakini chuma kilichokuwa ndani ya vyakula vya watu hakikuwa haba. Kilichokosekana ni chuma kinachoweza kufyonzwa. Nafaka na kunde zina kemikali iitwayo faiteti inayokikamata chuma tumboni na kutoka nacho chooni. Chai na kahawa zina tanini zinazofanya kazi ileile.

Chukua msichana anayekula chuma chote kinachopendekezwa, miligramu 15 kwa siku. Asubuhi anakunywa chai ya rangi na kiporo, mchana shuleni anakula makande, jioni ugali na maharage, na chai tena. Mlo wa namna hiyo mwili unaweza kuufyonza kwa asilimia 5 tu, yaani miligramu 0.75, nusu ya anachohitaji. Mlo ukibadilishwa kidogo ufyonzaji ukafika asilimia 10, miligramu zilezile 15 zinampa 1.5, na deni linalipika. Hakuna haja ya kununua nyama kila siku. Kinachotakiwa ni kujua chakula gani kikae na kipi, na kipi kisubiri.

Kinachosubiri ni chai. Kikombe kimoja pamoja na mlo kinaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma kwa zaidi ya nusu, lakini kikinywewa saa moja au zaidi baada ya kula madhara yake hupungua sana. Katika wilaya inayolima kahawa hakuna anayetakiwa kuacha kikombe chake. Ni suala la saa.

Kinachokaa pamoja ni usipa na maharage. Chuma cha samaki na nyama hufyonzwa kirahisi kuliko cha mimea, na zaidi ya hapo, nyama na samaki huvuta chuma cha maharage kifyonzwe nacho. Gao moja la usipa lililotupwa kwenye sufuria ya maharage lina faida mbili kwa mpigo. Usipa huliwa mzima, kichwa na mifupa, na huuzwa kwa fungu ambalo familia nyingi zinalimudu kuliko nusu kilo ya nyama. Kwa bahati mbaya, mezani mgawo huanzia kwa baba na wageni, na msichana aliyepika mara nyingi hubaki na mchuzi.

Vitamini C nayo inaweza kukifanya chuma cha mimea kifyonzwe mara mbili au hata tatu zaidi. Limau lililokamuliwa juu ya mboga, papai au embe linaloliwa pamoja na ugali, nyanya mbichi iliyokatwakatwa: vyote vinasaidia, ilimradi viliwe kwenye mlo wenyewe na si baadaye. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji ya kulowekea yamwagwe. Na watu wa Ruvuma wana togwa. Uji wa mahindi uliotiwa kimea cha ulezi na kuachwa uchachuke hupoteza sehemu kubwa ya faiteti, na tangu miaka ya 1980 watafiti wa lishe nchini wamekuwa wakikisifu kimea hicho kwa uji wa watoto. Dada mtu naye kitamfaa.

Kuna imani kwamba chochote chekundu huongeza damu: juisi ya rozela, bitiruti, hata soda nyekundu. Rangi haina kazi hapo. Rozela na bitiruti ni vyakula vizuri vinavyoweza kusaidia mlo, lakini haviwezi kumtoa msichana mwenye himoglobini ya 8 mahali alipo. Soda haina kitu. Mboga za kijani, majani ya maboga, kisamvu, matembele na mchicha, ndizo za kuliwa kila siku, zikiwa na limau na usipa kidogo.

Wapo pia wezi wengine wa damu, na huku Nyasa wanajulikana. Malaria huvunja chembe za damu zenyewe, na joto la pwani ya ziwa huilea kuliko baridi ya mlimani. Minyoo ya safura huingia kwa ngozi ya mguu mtupu, ikafika utumbo mdogo na kujishikiza ukutani ikinyonya. Mmoja wa aina iliyo ndogo hunyonya mililita 0.03 hivi kwa siku, kiasi kisichoonekana. Mia moja huchukua mililita 3 kwa siku, 90 kwa mwezi, kuliko hata hedhi nzito. Kisiwani Pemba, utafiti wa wanafunzi zaidi ya 3,500 uliochapishwa mwaka 1997 ulikadiria kwamba karibu robo tatu ya upungufu mkali wa damu miongoni mwao ilitokana na safura. Dawa ya minyoo inayogawiwa shuleni, albendazo, inalinda damu kwa bei ndogo mno ukilinganisha na kazi yake.

Kichocho kinastahili kutajwa peke yake. Vimelea vyake huishi ndani ya konokono wa maji yaliyotulia, penye matete, palepale wasichana wanapofua nguo, wanapoosha vyombo na kuteka maji. Aina inayoshambulia njia ya mkojo huleta damu kwenye mkojo, na kwa msichana aliyeanza hedhi karibuni damu hiyo ni rahisi kudhaniwa kuwa ni ya mwezi. Mayai ya vimelea yakijipenyeza kwenye ukuta wa uke au shingo ya kizazi, huweza kuleta vidonda na damu inayotoka kati ya hedhi moja na nyingine. Huko nyuma wengi wameshukiwa ugonjwa wa zinaa kwa sababu hiyo. Msichana wa Liuli au Lituhi anayeona damu nje ya tarehe zake anahitaji kupimwa mkojo na kuulizwa habari za ziwa, na dawa ya prazikwanteli ndiyo tiba.

Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo wengi huviita fefo, vina chuma na foliki asidi. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza kidonge kimoja kwa wiki, chenye miligramu 60 za chuma, kwa wasichana na wanawake wenye hedhi katika maeneo ambako upungufu unafika asilimia 20. Mwaka 2016 liliongeza: palipo na asilimia 40 au zaidi, chuma kitolewe kila siku kwa miezi mitatu mfululizo ndani ya mwaka. Kwa asilimia 42, Tanzania ipo kwenye kundi hilo la pili. Kisumu, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, wanafunzi wa kike waliopewa vidonge kila wiki kwa miezi mitano walionekana kupanda himoglobini, lakini vimelea vya malaria navyo viliongezeka kidogo.

Tahadhari hiyo ilikuwa imeshaonekana kwa ukali zaidi Pemba. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, watoto wadogo wa chini ya miaka mitatu waliopewa chuma kila siku walilazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao, na sehemu hiyo ya jaribio ikasimamishwa. Wale walikuwa watoto wadogo na si wasichana wakubwa, lakini somo limebaki kwa wote: palipo na malaria, kidonge cha chuma kiende pamoja na chandarua, kipimo na tiba ya haraka.

Anayepewa vidonge aambiwe mapema kwamba choo kitakuwa cheusi, na kwamba tumbo linaweza kuchafuka siku za mwanzo. Asipoambiwa, ataviacha kwenye wiki ya kwanza. Avimeze kwa maji, au kwa maji ya limau, asivimeze kwa chai wala maziwa. Na avifiche mbali na wadogo zake, kwa maana vidonge vichache vinaweza kumuua mtoto anayedhani ni pipi.

Pedi nazo zina siasa yake. Mwaka 2018 serikali iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka uliofuata ikairudisha kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Msichana anayetumia vipande vya khanga kuukuu hana namna rahisi ya kujua ametoa damu kiasi gani, na mwalimu wa kike mwenye pakiti mbili kabatini ndiye mara nyingi wa kwanza kugundua nani anaomba kila baada ya saa moja. Nafasi nyingine ni Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika kila robo mwaka. Kwa kawaida hukusanya mama na watoto wadogo, lakini hakuna kinachozuia binti wa miaka 15 apimwe viganja na kope kwenye foleni hiyohiyo.

Sababu ya kuharakisha ipo kwenye takwimu nyingine ya mwaka 2022: asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Anayeingia kwenye ujauzito bila akiba ya chuma huanza kliniki akiwa tayari ana deni, na damu inayopotea wakati wa kujifungua humkuta hana pa kuitoa.

Kwa aliyekwisha anza matibabu, kipimo cha pili ni muhimu kama cha kwanza. Himoglobini inatakiwa kupanda kwa takriban gramu moja ndani ya wiki nne, na vidonge viendelee miezi mitatu ili akiba ijae, hata kama nguvu zimesharudi. Isipopanda, kuongeza vidonge peke yake hakutasaidia. Mhudumu aulize kama vinamezwa kweli na kwa kinywaji gani, apime tena malaria, choo na mkojo, ahesabu siku na pedi za hedhi, na aangalie selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa nao. Kazi ambayo zahanati haiwezi kuimaliza hupelekwa hospitali: Mbinga mjini, Litembo kwa walio milimani, au Liuli kwa walio ziwani.